Gari Kuukuu kwa Bei ya Kasri: Tunajifunza Nini?

Atakaye kujua jinsi thamani ya kitu inavyopimwa, na afike Lubao siku ya Alhamisi. Kilomita chache kaskazini mwa mji wa Kakamega, kando ya barabara kuu iendayo Webuye, ndipo lilipo soko ambalo sifa zake zimevuka mipaka ya magharibi mwa Kenya kwa sababu ya bidhaa moja isiyopatikana kwa urahisi katika masoko mengine: mbwa. Wauzaji husimama wameshika kamba, nao wanunuzi huzunguka wakitazama meno, masikio na miguu. Hakuna cheti wala muhuri. Mnunuzi mwenye busara huuliza maswali matatu: mama yake ni yupi, amelelewa na nani, na kwa nini anauzwa? Jibu likimridhisha, bei hupatanwa. Lisipomridhisha, huondoka, hata kama manyoya ya mbwa yanang'aa namna gani.

Maswali hayo matatu yalinijia akilini nilipoonyeshwa na mwanafunzi mmoja tangazo lililochapishwa katika jarida la ng'ambo. Lilikuwa tangazo la gari dogo la spoti la Kiingereza, la kabla ya vita, lenye viti viwili na paa la turubai. Muuzaji alisema gari hilo ni adimu na kwamba limekarabatiwa upya kuanzia gurudumu hadi usukani. Bei yake ingetosha kujenga madarasa kadhaa. "Mwalimu," kijana akauliza, "gari lenye umri wa miaka tisini lawezaje kuuzwa ghali kuliko jipya?" Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema Wazungu wana wazimu wa pesa. Mimi nilitabasamu tu, kwa sababu sikuwa na jibu la papo hapo.

Tangu siku hiyo nimelitafakari swali lile, na sasa naona kwamba halistahili kuchekwa. Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo kwa sikio la haraka hupingana. Moja husema ya kale ni dhahabu. Nyingine husema ya kale hayako. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba zote mbili ni za kweli, na kwamba tofauti kati ya dhahabu na kutokuwako huletwa na mikono na kumbukumbu za watu wenyewe.

GARI LILILOZALIWA NA KODI

Kwanza tulifahamu gari lenyewe. Yanayoitwa magari ya kabla ya vita ni yale yaliyoundwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili kuzuka mwezi wa Septemba 1939. Waingereza, ambao hupenda kukipa kila kitu daraja lake, wana chama cha magari ya kale ya spoti kilichoanzishwa mwaka wa 1934. Chama hicho hulitambua kuwa la kale halisi gari lililoundwa kabla ya mwisho wa mwaka wa 1930. Yale yaliyofuata katika miaka ya 1930 hukubaliwa kwa kuchaguliwa tu. Kumbe hata uzee una mtihani wake wa kuingia!

Tuchukue mfano wa gari aina ya MG J2, lililoundwa mjini Abingdon kuanzia mwaka wa 1932. Injini yake ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 847, ambao ni mdogo kuliko wa pikipiki kubwa za siku hizi. Mbona injini ndogo hivyo katika gari lililokusudiwa kwenda kasi? Jibu lake ni kodi. Kuanzia mwaka wa 1921 mwenye gari nchini Uingereza alilipa pauni moja kwa mwaka kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu hiyo haikupimwa barabarani, bali ilikokotolewa kwa kanuni: chukua kipenyo cha silinda kwa inchi, ukizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, kisha gawanya kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni ndani ya silinda haukutiwa katika hesabu hata kidogo.

Wahandisi wakauona mwanya huo. Wakaziunda silinda ziwe nyembamba na ndefu, ili kodi ipungue na nguvu ibaki. Silinda ya MG J2 ilikuwa na kipenyo cha milimita 57, na pistoni ilipanda na kushuka milimita 83. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake hesabu hiyo. Watapata nguvu 8 hivi za kutozwa kodi, ilhali injini yenyewe ilikuwa na uwezo wa kutoa takribani nguvu 36. Hapo mwanafunzi atajifunza somo la fizikia na somo la uraia kwa mpigo mmoja: umbo la mashine hutokana na sheria za nchi kama linavyotokana na sheria za maumbile.

Wala gari hilo halikuwa kamilifu. Krankishafti yake ilishikiliwa na beringi kuu mbili tu, moja kila mwisho, na dereva mwenye pupa aliweza kuivunja. Pamoja na hayo liliundwa kwa idadi ya elfu mbili na ushei, na vijana wa Kiingereza walilipenda kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya pauni 200: pauni 199 na shilingi 10. Ndugu yake mkubwa wa mashindano, K3, aliundwa kwa idadi ya 33 tu. Katika mwaka wa 1933 magari ya K3 yalitwaa tuzo ya timu katika mbio ndefu za barabarani za Mille Miglia nchini Italia. Leo K3 halisi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni. Mabingwa wa kuiga nao hawakulala, kwani magari mengine ya MG ya wakati ule yamevuliwa miili yao na kuvishwa ya K3. Ndiyo maana mnunuzi wa Uingereza leo, sawa na mnunuzi wa Lubao, huuliza kwanza: mama yake ni yupi?

DHAHABU YA KAKAMEGA

Kabla hatujaendelea, sharti tuyatazame yaliyokuwa yakitukia hapa petu katika miaka hiyo hiyo, tusije tukashikwa na ndoto tamu ya zama ambazo kwa babu zetu hazikuwa tamu. Mwaka wa 1931 Mmarekani mmoja aliyekuwa mkulima Turbo, L. A. Johnson, aligundua dhahabu Kakamega. Habari zikaenea kama moto wa nyika. Mashamba ya walowezi yalikuwa yamedidimia kwa sababu ya nzige na kuanguka kwa bei za mazao kote duniani. Basi mamia yao wakafunga virago, wakaja kwa magari na malori, wakapiga mahema kando ya mito na kuanza kuchimbachimba ardhi ya watu.

Mwaka mmoja tu uliotangulia, yaani 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, ikiahidi kwamba maeneo yaliyotengewa Waafrika yangebaki yao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa, kingine cha thamani sawa kingetolewa. Dhahabu ilipoonekana, ahadi hiyo iliyeyuka. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ikarekebishwa, ili ardhi yenye madini iweze kuchukuliwa kwa fidia ya fedha bila kutolewa ardhi nyingine badala yake. Mwalimu wa historia hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa ahadi iliyovunjwa wakati wino wake haujakauka.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Kwa kiwango cha wakati huo, pauni moja ilikuwa shilingi 20. Kwa hiyo MG J2 lilinunuliwa kwa shilingi 3,990 huko Uingereza, kabla ya nauli ya meli. Kodi ya kibanda na ya kichwa aliyotozwa Mwafrika ilikuwa shilingi 12 kwa mwaka, na wengi waliingia migodini na mashambani kuitafuta. Gawanya shilingi 3,990 kwa 12. Kigari kimoja cha kijana wa Oxford kilikuwa sawa na kodi ya mwaka mzima ya watu 332, na shilingi sita zikabaki.

Sisemi kwamba kigari hicho kilipita Lubao. Walowezi walipendelea magari ya Kimarekani yaliyoinuka juu ya ardhi, kwa kuwa gari la spoti la Kiingereza, lililokaa chini kama kobe, lingekwama katika tope la masika ya kwanza. Lakini ulimwengu uliolizaa gari hilo ndio uliochimba mashimo ya Kakamega. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952, na jina lake limebaki kuwa jina la mtaa. Ni watoto wangapi wanaopita Rosterman kila siku wakienda shuleni bila kuambiwa jina hilo limetoka wapi? Hapo ndipo methali ya pili inapotimia: ya kale hayako. Yametoweka kwa sababu hatukuyaandika.

JE, NI LILE LILE?

Turudi kwenye tangazo. Kulikarabati gari la kale ni kazi ya miaka. Mwili wake mara nyingi haukuwa chuma kitupu, bali kiunzi cha mbao za mti wa ash, kilichofunikwa kwa mabati ya chuma au alumini yaliyogongwa kwa mkono. Mbao huoza, na katika nchi zetu mchwa nao wana sehemu yao. Fundi hulifungua gari lote, akapiga picha na kuandika kila kipande kilikotoka. Huchonga kiunzi kipya kwa kufuata kile kilichooza. Huyagonga mabati upya. Beringi za zamani hazinunuliwi dukani. Madini laini yenye bati nyingi huyeyushwa, yakamiminwa mahali pake, kisha yakakerezwa hadi yaikumbatie krankishafti bila kuibana.

Linapomalizika, mbao ni mpya, mabati ni mapya, rangi ni mpya, na beringi ni mpya. Je, hilo bado ni gari lile lile?

Swali hili lilifika mahakamani jijini London mwaka wa 1990, na hukumu yake yafaa kusomwa na kila mwanafunzi. Gari lililohusika lilikuwa Bentley lililopewa jina la utani Old Number One. Lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka wa 1929 na tena mwaka wa 1930. Baadaye lilibadilishwa mno. Likawekewa injini kubwa zaidi, na mnamo Septemba 1932 likapata ajali mbaya katika uwanja wa Brooklands iliyomuua dereva wake, Clive Dunfee. Likaundwa upya. Miaka ikapita, na mwenye gari akakubaliana na kampuni moja iliyotaka kulinunua kwa pauni milioni 10. Kisha mnunuzi akageuka, akidai kwamba karibu hakuna kilichosalia cha gari lililoshinda Le Mans, na kwamba alichouziwa ni jina tupu.

Jaji Otton alisikiliza ushahidi, akachunguza chuma kwa chuma. Alikiri kwamba vipande vya mwaka wa 1929 vilivyobaki ni kama hakuna. Hata hivyo aliamua kwamba gari lile lilistahili jina lake. Sababu yake ilikuwa kwamba historia yake haikukatika. Hapakuwa na siku ambapo gari moja lilikufa na jingine likachukua nafasi yake kwa siri. Kila badiliko lilifanywa juu ya gari lile lile, na njia yake toka mkono hadi mkono iliweza kufuatiwa. Mnunuzi akashindwa kesi.

Tuitafakari hukumu hiyo. Mamilioni yale yalilipiwa kitu kisichoshikika kwa mkono: mfululizo wa kumbukumbu. Kulikuwa na barua, picha, daftari za kiwanda, nambari za chesisi na za injini, na watu waliojali kuviweka kabatini. Bila karatasi hizo gari lingekuwa chuma cha kupimwa kwa kilo.

SHERIA NA UMRI

Kwetu hapa umri wa gari hutazamwa kama maradhi. Kanuni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, iitwayo KS 1515 ya mwaka wa 2000, hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane. Kanuni hiyo ina hekima yake, kwa kuwa haifai nchi yetu kugeuzwa jaa la magari mabovu ya mataifa mengine. Lakini imetujengea fikra kwamba kitu kikizeeka kimekwisha.

Sheria ya makavazi na urithi wa taifa ya mwaka wa 2006 nayo ina mipaka yake. Kwa mujibu wake, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki hulindwa kama ulichongwa kabla ya mwaka wa 1946. Vitu vingine hulindwa endapo waziri atatoa tangazo rasmi. Basi gari, mashine ya kusaga, cherehani ya kwanza kijijini au treni ndogo ya mgodini, vyote vya karne ya 20, vitalindwa tu ikiwa kuna mtu aliyejali kuomba vilindwe. Kama hakuna, mwenye chuma chakavu atapita na mizani yake, na itakuwa kwaheri ya kuonana.

Sidai kwamba hatuna wapenzi wa magari ya kale. Tangu mwaka wa 1970 jijini Nairobi hufanywa mashindano ya Concours d'Elegance, ambapo magari hukaguliwa usafi wake nje, ndani, kwenye injini, na hata chini ya tumbo. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kwa mtoto wa Lubao, maonyesho hayo yako mbali kama mwezi. Yeye ataona gari la kale la aina gani, na nani atamfundisha kulitazama?

MAGARI YETU ADIMU

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tunapostaajabia magari 33 ya K3, tunasahau kwamba Kenya iliwahi kuunda magari yaliyo adimu zaidi. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama halingependeza macho wala kwenda kwa kasi. Wahandisi wa chuo, mafundi wa Shirika la Reli na wataalamu wengine wakaingia karakanani. Mnamo Februari 1990, mwaka ule ule wa kesi ya Bentley, magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa uwanjani Kasarani. Yaliyoundwa kwa majaribio yalikuwa matano, na yaliweza kwenda kilomita 120 kwa saa.

Mpango wa kuyatengeneza kwa wingi haukufaulu, kwani fedha zilikosekana. Shirika lililoundwa kuyatengeneza likageuka baadaye kuwa Numerical Machining Complex, lenye kazi ya kutengeneza vipuri. Magari yenyewe yakageuzwa mzaha wa vibarazani. Naam, tuliyacheka, na wengi wetu tunayacheka hata leo.

Linganisha na kisa cha Adrian Squire. Huyu alikuwa kijana wa Kiingereza aliyeota tangu utotoni kuunda gari bora la spoti. Akafungua karakana karibu na Henley, akaunda gari la kupendeza lakini ghali mno kwa wanunuzi. Kampuni yake ikafa mwaka wa 1936, baada ya kutoa magari yapatayo saba. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka wa 1940 katika shambulio la ndege za Kijerumani, akiwa bado kijana. Kwa mizani ya biashara Squire alishindwa, tena vibaya. Ila wananchi wenzake hawakumcheka. Walizifuatilia kazi zake moja baada ya nyingine, wakaandika ni lipi lilikwenda wapi, nani alilinunua, na nini kilibadilishwa. Leo jina lake hutajwa kwa heshima na wajuzi wa fani hiyo.

Squire alishindwa na magari saba, sisi tukashindwa na matano. Yake yamekuwa johari, yetu yamekuwa kichekesho. Je, ni kwa sababu chuma cha Uingereza ni bora kuliko cha Kenya? La hasha! Ni kwa sababu wao walitunza hata makosa yao, ilhali sisi huona haya ya kushindwa kwetu, tukataka yasahauliwe upesi. Na mwanafunzi asiyeonyeshwa jaribio lililoshindwa atajuaje kwamba kuna waliojaribu?

JUKUMU LA WALIMU

Kuna atakayesema, na kwa haki, kwamba nchi yenye madarasa yanayovuja haina nafasi ya kushughulikia vyuma vikuukuu. Hoja hiyo naiheshimu. Siwaombi wazazi wa Lubao wachange fedha za kununua MG, wala siitaki serikali ijenge jumba la kifahari la kuwekea magari. Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi, ila kinahitaji subira na daftari.

Kwanza, mafundi tunao. Tembea katika vibanda vya jua kali mjini Kakamega. Utamwona anayenyoosha bodi iliyopondeka hadi isijulikane kwamba iligongwa. Utamwona anayechomelea chesisi iliyokatika, na mwingine anayekereza kipuri ambacho hakiuzwi tena dukani. Ufundi huo, kwa asili yake, ni ule ule unaolipwa fedha nyingi katika karakana za Uingereza. Tofauti ni kwamba fundi wa kule huacha kumbukumbu ya maandishi na picha, ilhali wetu hufa na ujuzi wake kifuani. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kipo hapo hapo Kakamega, nacho ni cha sayansi na teknolojia. Laiti kila mwanafunzi wa uhandisi angetakiwa kukaa na fundi mmoja mkongwe kwa mwezi mmoja na kuandika anachofanya na sababu yake, katika miaka kumi tungekuwa na hazina isiyo na mfano.

Pili, lugha. Nanyi walimu wa Kiswahili, kazi hii yawahusu. Fundi ana maneno yake: spana, jiriwa, tindo, kerezo, kuchomelea, kunyoosha, kukaza, kulegeza. Mengine amekopa na kuyafinyanga kwa ulimi wake, mengine ameyabuni. Wanafunzi na wapelekwe wakayakusanye, kila neno na kazi yake. Hakuna fani inayotunzwa bila msamiati wake.

Tatu, kila shule ina kitu kikuukuu: kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya lori, jenereta lililonyamaza, trekta lililozama katika nyasi nyuma ya jiko. Somo moja la kila wiki litengwe, wanafunzi wakichunguze kimoja. Kiliundwa wapi na mwaka gani? Nambari yake ni ipi? Nani alikileta, nani alikitengeneza, kwa nini kiliachwa? Majibu yaandikwe kwa wino, yatiwe sahihi na tarehe, yahifadhiwe maktabani. Mwenye wajukuu hapo baadaye atatushukuru.

Nne, wanaoshika hatamu za elimu na urithi wahakikishe kwamba magari ya Nyayo Pioneer yanatunzwa, yanaandikiwa historia iliyo kamili, pamoja na makosa yake, na kuonyeshwa kwa vijana. Mhandisi wa kesho na asimame mbele yake bila kucheka, aulize beringi zake zilikerezwa vipi, na afikiri jinsi ambavyo angezikereza vizuri zaidi.

Nilimjibu yule kijana majuzi. Nilimwambia kwamba gari la tangazo lile ni ghali kwa sababu tisini mfululizo za miaka yake zinaweza kuhesabiwa, na kwamba mnunuzi atalipia hesabu hiyo kuliko atakavyolipia chuma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba nyumbani kwao kuna baiskeli ya babu yake, haina tairi, na wamekuwa wakitaka kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaniuliza aifanyie nini.

Nikamwambia aanze na maswali ya Lubao: ilitoka wapi, imetunzwa na nani, na kwa nini inauzwa? Aende kwa bibi yake na daftari kabla hajaenda sokoni. Akisha kuandika majibu, uamuzi wa kuuza au kutouza utakuwa wake.